Jomvu Kuu: Vita vya zamani vyachezwa kwa fimbo

MWANANGU wa kiume ana miaka 11 na anapenda vita. Si vita vya kweli, Mungu apishe mbali, bali vile vya kwenye simu, ambavyo mtu hupigwa risasi akaanguka, kisha akaamka tena baada ya sekunde tatu kana kwamba hakuna lililotokea. Jumamosi moja hivi majuzi nilimwambia aiache simu nyumbani, nikampeleka Fort Jesus, ile ngome ambayo wenyeji wa Mombasa huiita Ngomeni, akaone mahali ambapo watu walipigana na walioanguka hawakuamka.

Alifurahi sana. Aligusa mizinga yote, akachungulia baharini kupitia matundu ya ukuta, akaitazama kwa muda mrefu ile michoro ya meli iliyochorwa na mabaharia Wareno zaidi ya miaka 300 iliyopita. Mwelekezi alitueleza kwa ufasaha. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593. Sultani Yusuf bin Hasan akawapindua mwaka 1631. Waarabu wa Omani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waingereza wakaigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mreno alifanya hivi, Mwarabu akafanya vile, Mwingereza naye akaja na lake. Tulipokuwa tukitoka langoni, mtoto akanivuta mkono.

"Mama, na sisi tulikuwa upande gani?"

Nilifungua kinywa kumjibu, nikakifunga. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mrabai. Nyanya yangu alikuwa Mswahili wa hapa hapa mjini. Katika maelezo yote tuliyopewa tangu asubuhi, hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyekuwa ametajwa.

"Ngoja kesho," nikamwambia. Kesho yake tulikuwa na mwaliko wa harusi Jomvu Kuu. Kusema kweli nilikuwa nikimtuliza tu. Sikujua kwamba huko twendako jibu lilikuwa likitungoja, tena kwa ngoma na zumari.

Kuvuka Makupa

Msomaji asiyeijua Jomvu Kuu na aishike barabara kuu ya Nairobi kutoka kisiwani. Utavuka Makupa, utaipita Changamwe na Mikindani, na kabla ya kufika Miritini utaiacha lami ya malori na kushuka upande wa kulia, kuelekea mkono wa bahari unaoingia bara kutoka Tudor. Ukiona mikoko na kusikia harufu ya tope la pwani, umekaribia.

Wengi wetu huvuka Makupa bila kuwaza lolote isipokuwa foleni ya magari. Lakini hapo ndipo palipokuwa mlango wa nyuma wa Mombasa. Kabla ya tuta la barabara kujengwa, maji yalipokupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kati ya kisiwa na bara, ndiyo maana Wareno walijenga vijingome vya kulinda kivuko hicho.

Mwaka 1589 mlango huo uliingiliwa. Watu waliojulikana kama Wazimba, waliotoka kusini pande za mto Zambezi, walikuwa wamepiga kambi bara, ng'ambo ya kivuko. Wakati uo huo meli za Wareno chini ya Tomé de Sousa Coutinho zilikuwa zimefika kumsaka Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa amejiimarisha kisiwani. Watu wa Mombasa wakabanwa katikati, Mreno baharini na Mzimba bara. Wazimba walivuka, wakaua bila kuchagua, na waliokimbilia ufuoni waliangukia mikononi mwa Wareno. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia.

Nilimsimulia mwanangu hayo tukiwa ndani ya matatu. Akachungulia dirishani kuwatafuta Wazimba. Alichokiona ni makontena.

Mji wa bara

Jomvu Kuu ni mji mkongwe. Wenyewe, Wajomvu, ni mojawapo ya zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa ziitwazo Thenashara Taifa. Taifa hizo zimegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza ni Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Upande wa pili ni Thalatha Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kwa hiyo mtu akitoka Changamwe kwenda Jomvu kwa matatu, mwendo wa dakika chache tu, amevuka mpaka wa zamani bila kujua.

Wajomvu wana lahaja yao, Kijomvu, ambayo wataalamu wa lugha huiorodhesha pamoja na jamaa zake Kimvita na Kingare. Wana pia ule mkono wa bahari, ambao kwa karne nyingi ulikuwa ndio barabara. Mizigo ilitoka kisiwani kwa mitumbwi na mashua, ikapanda na maji hadi huku ndani, na hapa ndipo Mswahili alipokutana na Mrabai na Mijikenda wengine walioshuka kutoka vilimani na pembe za ndovu, sandarusi na nafaka. Nguo na shanga zikapanda, chakula kikashuka. Wamishonari Krapf na Rebmann, waliofungua kituo chao Rabai mwaka 1846, walipita njia hii hii ya maji. Baadaye katika karne hiyo ya 19 Wamethodisti nao wakaweka kituo Jomvu.

Siku hizi mji umezungukwa. Upande mmoja kuna malori ya kwenda Nairobi na Uganda. Mbele kidogo, Miritini, kuna stesheni kubwa ya reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017. Nyumba za kupangisha zimejaa watu waliotoka kila pembe ya Kenya kufuata kazi za bandari na viwanda. Ukisimama kando ya mikoko maji yakijaa, hata hivyo, bado unaelewa kwa nini watu waliuchagua mahali hapa pawe mji.

Tuliwakuta wazee wameketi barazani wakingoja ngoma ianze. Mwanangu akawaamkia mmoja mmoja kama nilivyomfunza. "Shikamoo, babu." Alipofika kwa mzee wa mwisho, ambaye ndevu zake zilikuwa nyeupe kama kanzu yake, akamrushia swali lile lile la Ngomeni bila hata kuniuliza mimi.

"Babu, zamani Wareno na Waarabu walipokuwa wakipigana Ngomeni, sisi tulikuwa upande gani?"

Wazee wakacheka. Yule wa ndevu nyeupe akamkalisha karibu naye. "Upande wa walioumia, mjukuu wangu," akasema. "Keti nikwambie."

Mfalme na mwanawe

Hadithi niliyomwona mtoto akiisikiliza kwa makini kuliko zote ni ya baba na mwana, nami nitaisimulia hapa kama inavyojulikana katika vitabu vya historia.

Wareno walipohamia Mombasa walimleta mtawala kutoka ukoo wa kifalme wa Malindi, waliokuwa rafiki zao. Mmoja wa watawala hao, Sultani Hasan, aligombana na kapteni wa ngome. Mwaka 1614 alikimbilia bara kutafuta hifadhi kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo, ambao wanahistoria wengi huwahusisha na mababu wa Mijikenda. Kapteni akawapelekea watu hao hongo ya nguo. Mgeni wao wakamuua. Kichwa chake kikapelekwa Goa, India, makao makuu ya Wareno.

Hapo mwanangu akanigeukia. "Mama, si babu yako alikuwa Mrabai? Kumbe ni sisi tuliomuua mfalme?" Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nikatazama chini.

Mtoto wa mfalme huyo, Yusuf, alikuwa bado mdogo. Wareno walimchukua wakampeleka Goa, wakambatiza, wakamlea na kumfunza, wakampa jina la Dom Jerónimo. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme, Mkristo mwenye mavazi na adabu za Kireno, aliyetawala mji wa Waislamu chini ya kivuli cha watu waliomuua babake. Alivumilia miaka mitano. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, akairudia dini ya wazazi wake na kuutwaa mji. Mwaka uliofuata, baada ya Wareno kuja na meli wakashindwa kumng'oa, aliihama ngome mwenyewe kwa meli na kuishi kwa uharamia wa baharini hadi kufa kwake.

Sasa tuulizane: Yusuf alikuwa upande gani?

Chukua pia kule kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698, ambako wengi wetu tulifunzwa shuleni kama vita kati ya Mwarabu na Mreno. Ndani ya ngome askari Wareno hawakufika mia moja. Waliobaki walikuwa mamia ya watu wa pwani, wanaume, wanawake na watoto. Maradhi yalipowamaliza maafisa wa Kireno katika mwaka 1697, aliyeshika uongozi wa ngome hadi msaada ulipofika alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza. Malkia wa Unguja naye alijaribu kuwapelekea vyakula waliozingirwa. Nje ya kuta, Waswahili wengine walikuwa pamoja na Waomani, kwa sababu watu wa pwani wenyewe ndio walioomba msaada Omani. Na hiyo Faza aliyotoka Bwana Daud ndiyo asili ya Wafaza, mojawapo ya zile Tisa Taifa ambazo Wajomvu nao wamo.

Hata ile nguvu ya Mazrui ilipovunjwa na Seyyid Said bin Sultan mwaka 1837, Waswahili hawakuwa kitu kimoja. Thalatha Taifa, wakiongozwa na Wakilindini, waliegemea upande wa Seyyid Said. Majirani walitazamana kwa macho makali hapa hapa bara.

Jibu la swali la mwanangu, basi, ni kwamba tulikuwa pande zote. Tuliua na tukauawa, tukahonga na tukahongwa, na wengine wetu tulitafuta tu pa kuficha watoto. Maelezo ya Ngomeni yana Wareno na Waarabu wengi kwa sababu hao ndio walioacha barua na ripoti. Katika miaka ya 1990, watalii walipokuwa wakiletwa ngomeni usiku kwa onyesho la sauti na mwanga, walipokewa na watu waliovaa majoho na kushika mienge ya moto, kisha wakasimuliwa historia na kula chakula cha jioni. Lilikuwa onyesho la kupendeza. Ila mtoto wa Jomvu au wa Rabai hakuwa mgeni aliyekusudiwa.

Fimbo mbili uwanjani

Alasiri ikafika, zumari ikalia, na kila aliyekuwa amekaa akasimama.

Ngoma yenyewe ni kirumbizi. Ni ngoma ya wanaume, maarufu Lamu na Mombasa kote, na huchezwa harusini na katika sherehe nyingine. Watu walifanya duara. Wapiga ngoma na mpiga zumari walikaa upande mmoja. Wanaume wawili wakaingia katikati, kila mmoja na fimbo yake, wakasalimiana kwa kuzigonganisha. Halafu vita vikaanza.

Ninaviita vita kwa sababu ndivyo vilivyo. Mmoja hushambulia, mwingine hukinga. Huyu huzunguka akitafuta nafasi, yule hurudi nyuma hatua mbili kisha akajitupa mbele kwa ghafla hadi wanawake tuliokuwa pembeni tukapiga kelele. Lakini kila hatua inafuata ngoma. Mdundo ukiwa wa polepole, mapigano ni ya polepole. Zumari ikipanda, damu nayo hupanda. Anayepiga nje ya mdundo huchekwa kuliko anayepigwa.

Nilichokitazama zaidi ni namna ya kutoka. Mtu akishaguswa, au akichoka, au mwingine akiingia kutaka zamu, alimpa mwenzake fimbo. Hakuitupa wala hakunyang'anywa. Aliitoa kwa mkono, akarudi kwenye duara akitabasamu, hata kama bega lilikuwa likimuuma. Nilimwona kijana mmoja mwenye kifua kipana akishindwa na mzee ambaye angeweza kuwa babake, na kijana huyo akaitoa fimbo mbele ya marafiki zake wote. Simjui jina, lakini nilimheshimu.

Watu wa Mombasa na Pate walipoivamia Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, vita vilivyomalizikia Shela, walishindwa vibaya na wengi walikufa kwenye mchanga ule. Leo Mmvita na Mlamu wakikutana harusini hupeana fimbo na kuchezeana kirumbizi, kisha wakala sahani moja ya pilau.

Majenerali wasio na jeshi

Hii si ngoma pekee ya pwani inayocheza vita. Kuna razha, iliyokuja na Waomani, ambapo wanaume hucheza na panga zinazometameta huku wakijibizana mashairi. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, na mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukimalizia hapo. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na mwaka mpya huanza moyo ukiwa mweupe.

Kisha kuna beni. Neno lenyewe limetokana na bendi, na ngoma hiyo ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana walipoziona bendi za tarumbeta za wanamaji, za serikali na za misheni. Mombasa kulikuwa na vyama viwili mahasimu, Kingi na Skochi. Walivaa sare, wakapiga gwaride barabarani, wakapeana vyeo: kingi, jenerali, kanali, na hata daktari wa kuwatibu majeruhi wasiokuwapo. Karani wa ofisini au kibarua wa bandarini, ambaye mchana kutwa aliitwa "boi," jioni alikuwa jenerali mwenye nishani kifuani. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na karamu.

Mashindano hayo yalikuwa na hasara zake. Familia ziliingia katika madeni ili chama chao kisiaibike, na wakati mwingine mzaha ulifika kwenye ugomvi wa kweli. Halafu vita vya kweli vikaja. Kuanzia 1914 maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa askari na wachukuzi, na wengi wa wachukuzi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Majina Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Na kati ya mambo waliyoyabeba askari na wachukuzi ni beni. Ilienea Tanganyika kwa majina ya Marini na Arinoti, ikavuka hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia.

Kule Marekani watu huvaa sare za zamani na kuigiza tena mapigano ya Gettysburg ya mwaka 1863. Uingereza huigiza ya Hastings ya mwaka 1066. Maelfu huja kutazama na familia zao, watoto hushika ngao na kuonjeshwa chakula cha askari wa zamani. Sisi tukisoma habari hizo magazetini hudhani ni mambo ya wazungu wenye nafasi na pesa. Kumbe babu zetu walikuwa wakifanya hayo hayo, kila harusi, bila tikiti.

Fimbo na panga

Ndugu msomaji, sikuandika haya yote ili kusifu mambo ya kale tu. Katika miaka ya karibuni, mitaa ya bara ya Mombasa, hasa Kisauni na Likoni, imesumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga. Wamevamia watu majumbani, madukani na njiani. Wengine waliokamatwa walikuwa watoto wa shule. Kila mama wa Mombasa mwenye mtoto wa kiume analijua lile tumbo linalomkaza jioni mtoto anapochelewa kurudi, akiogopa mawili: asije akakatwa, au asije akawa ndiye mwenye panga.

Sababu za makundi hayo ni nyingi. Kuna ukosefu wa kazi, kuna dawa za kulevya, kuna wazazi tulioshughulika mno. Sitadanganya kwamba fimbo ya kirumbizi itayatibu yote. Lakini nilipokuwa nimesimama kwenye duara lile nilijiuliza: kijana wa leo anafundishwa wapi kushindwa mbele ya watu na kubaki na heshima yake? Kwenye simu, akifa anaanza upya. Mtaani, akishindwa analipiza. Kirumbizi kinamwambia: umeguswa, toa fimbo, zamu yako itarudi. Wazee waliyajua haya. Vijana wana damu moto, na damu moto ikikosa uwanja hutafuta uchochoro.

Ndiyo maana ningependa kuona siku moja kwa mwaka ambapo Jomvu Kuu itakuwa na maonyesho yake ya historia. Halihitaji jambo kubwa. Serikali ya kaunti, shule za hapa na Makavazi ya Taifa, ambayo ndiyo yanayoitunza Fort Jesus, yakikaa na wazee wa mji, kazi imekwisha nusu. Watoto wapande mashua kule Ngomeni na kuja na maji hadi huku, wapite njia waliyopita wafanyabiashara wa pembe. Watoto wa Rabai washuke, wa Changamwe waje, kila upande na fimbo zake. Wafundishwe kucheza kirumbizi na watu wanaokijua, si kutazama tu. Yusuf bin Hasan aigizwe, tangu akiwa mtoto anayepandishwa meli ya Goa. Bwana Daud awemo. Wachukuzi wa 1914 wawemo. Watumwa pia wawemo, kwa sababu kati ya mizigo iliyopita katika pwani hii walikuwamo wanadamu, na maonyesho yatakayowaficha yatakuwa na aibu kuliko kutokuwa na maonyesho kabisa.

Watalii wakija, karibu, chai ipo. Lakini wageni wa heshima wawe watoto wetu.

Zamu ya mwanangu

Jua lilipokuwa likizama upande wa Mazeras, watu wazima walipumzika na watoto wakaachiwa uwanja. Mwanangu aliniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa. Yule mzee wa ndevu nyeupe akamtafutia fimbo fupi, akamwonyesha jinsi ya kuishika, akampeleka katikati.

Mpinzani wake alikuwa mtoto wa Jomvu, mdogo kwake kwa kimo lakini mjanja. Mwanangu alirusha fimbo kama anayefukuza nyoka. Watu wakacheka. Mpiga ngoma akapunguza mwendo ili amsaidie, naye akaanza kuusikia mdundo. Alikinga mara moja, akakinga mara ya pili. Mara ya tatu fimbo ya mwenzake ikamgonga begani, pa!

Nilimjua mwanangu usoni. Alitaka kuendelea. Alitaka kulipiza. Alisimama pale, fimbo ameishika kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mpe mwenzio, mjukuu wangu," mzee akasema taratibu. "Zamu yako itarudi."

Akaitoa. Mtoto aliyekuwa nyuma yake akaipokea, ngoma ikaendelea. Mwanangu akarudi kwenye duara, akasimama kando ya yule aliyempiga, na baada ya muda nikawaona wakinong'onezana.

Tulipokuwa tukirudi usiku, matatu ikiwa imekwama Makupa kama kawaida yake, alikuwa kimya hata nikadhani amelala. Nilijua ana mengi ya kuniuliza kuhusu wafalme na kuhusu babu yangu Mrabai, nami nilikuwa nimejiandaa kuyajibu yote.

"Mama," akasema huku akilisugua bega lake, "harusi nyingine Jomvu ni lini?"